Sura ya Nne: Karatasi Zisizo na Pacha

Muulize mtoto wa Kadutu au wa Bagira, hapa Bukavu, atakuwa nani akikua, atakutajia daktari, wakili, padri, mchezaji mpira, na siku hizi mfanyakazi wa ONG anayepita barabarani ndani ya gari jeupe lenye antena ndefu. Anayetaja ukutubi sijamsikia bado. Huku kwetu kazi hii haitafutwi; mtu huikuta njiani. Amemaliza licence yake ya historia au ya pedagojia, amezungusha barua za kuomba kazi kutoka Nyawera hadi Panzi mpaka visigino vya viatu vimelika, ndipo mjomba anayefahamiana na katibu wa chuo fulani anamwambia nafasi zote zimejaa isipokuwa moja, ya maktaba. Anaikubali huku moyoni amejiwekea sharti: miezi michache tu, hadi kitu cha maana kipatikane.

Ikiwa wewe ndiye huyo, usione haya. Shiyali Ramamrita Ranganathan, anayehesabiwa kuwa baba wa ukutubi wa India, aliingia hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1924 akakabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, na haukupita muda akamrudia mkuu wake wa zamani akimsihi amrudishie darasa lake, maana upweke wa kukaa na makabati kutwa nzima ulikuwa unamla. Wakapatana aende kwanza London akaisomee kazi yenyewe. Akirudi bado haitaki, ataachiwa aende zake. Huko Uingereza alizunguka maktaba nyingi, akaona zinavyohudumia watoto na wafanyakazi wa viwandani, si maprofesa peke yao. Aliporudi Madras mwaka 1925 hakuomba tena kuondoka, akaishika maktaba ile kwa takriban miaka 20. Mwaka 1931 alichapisha kanuni tano za ukutubi ambazo bado zinafundishwa. Mojawapo inahusu muda wa msomaji, kwamba mkutubi asiupoteze. Mkazi yeyote wa Bukavu aliyewahi kupanga foleni kulipia umeme ambao haupo ataelewa uzito wa kanuni hiyo bila kufundishwa na mtu.

Kwenye orodha za chuo utahesabiwa PATO, yaani kundi la wafanyakazi wa utawala, ufundi na kazi za mikono. Maprofesa wana orodha yao. Tofauti hiyo utaiona kwenye malipo, na utaiona pia kwenye vikao, kwa sababu mambo ya maktaba huamuliwa na watu ambao baadhi yao hawajakanyaga humo tangu walipotetea mémoire zao. Tena unaweza kufanya kazi muda mrefu kabla jina lako halijaingia kwenye malipo ya serikali. Mjini husemwa fulani bado si mécanisé, na kila mtu anaelewa anavyoishi: kwa posho ya chuo, kwa vipindi vya kufundisha sekondari asubuhi, kwa mashine ya fotokopi ya shemeji yake. Mapenzi ya vitabu hayalipi kodi ya nyumba, na anayekuambia vinginevyo hajawahi kupanga Nguba.

Sasa chumba chenyewe. Rafu za mbele, zile ambazo wageni huonyeshwa, zimejaa vitabu vya msaada vilivyofika kwa makontena. Humo mna kazi nzuri kabisa, na mna pia vitabu vya uhasibu vinavyohesabu kwa faranga ya Ubelgiji, sarafu iliyoondoka mikononi mwa watu mwaka 2002, na miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazifunguki kwenye mashine yoyote iliyobaki duniani. Hakuna aliyethubutu kuvitupa, kwa sababu vilipokelewa kwa sherehe na picha zikapigwa. Mkutubi mpya huona fujo hiyo na kujiambia kazi yake ni kuipanga: akate lebo, aandike namba, afute vumbi, na baada ya mwaka awe na rafu za kupendeza.

Mimi nasema aiache kwanza. Kitabu kile cha uchumi kilichochapishwa Paris kina ndugu zake maelfu huko Brussels, Louvain-la-Neuve, Dakar na Kinshasa. Kikiliwa na mchwa usiku huu, elimu ya ulimwengu haitapungua hata mstari. Mwaka wako wa kwanza upeleke nyuma, kwenye kona ambako karatasi zimelundikwa sakafuni na kufungwa kwa kamba ya mgomba au ya nailoni. Hizo ni TFC na mémoire za wanafunzi.

Kwa mfumo tuliozoea, mwanafunzi alimaliza graduat kwa kuandika TFC, akamaliza licence kwa kuandika mémoire. Mfumo mpya wa LMD umebadilisha ngazi na majina, lakini karatasi zinaendelea kuandikwa. Nakala zilikuwa chache tangu mwanzo: moja ya mwandishi, moja ya profesa aliyemwongoza, moja ya maktaba. Ya mwandishi ilipotea alipohama nyumba, au iliungua, au ilifungiwa maandazi. Ya profesa ilitoka na mizigo ya marehemu. Iliyobaki ni hiyo iliyo sakafuni mwako, na ikiondoka hiyo, hakuna Brussels ya kuagiza nyingine.

Kuna watakaokucheka. Watasema hizo ni kazi za wanafunzi tu, Kifaransa chake kinachechemea, nusu yake imenakiliwa. Ni kweli kwa nyingi. Lakini chukua mfano wa sambaza. Samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, na leo usiku ukitazama ziwa kutoka Muhumba unaona taa za wavuvi wanaomvizia. Wataalamu humwita Limnothrissa miodon. Mwanafunzi wa biolojia aliyekaa ufukweni na rula na mizani, akapima urefu na uzito wa samaki wa msimu mmoja, huenda hakujua kuandika utangulizi mzuri. Vipimo vyake lakini ni vya mwaka ule, na mwaka ule haurudi ukapimwe upya. Mtafiti wa leo anayetaka kujua kama sambaza wamepungua umbo atatoa wapi namba za kulinganisha? Au kama yupo aliyeandika bei ya makaa katika soko la Kadutu Agosti 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wamejaa mjini, karatasi yake ina thamani kubwa kuliko rafu nzima ya vitabu vya msaada. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyehoji wachimba dhahabu wa Kamituga, aliyefuatilia kesi za mashamba Kalehe, au aliyeandika nyimbo za harusi za Walungu kutoka kwa bibi ambaye sasa amezikwa.

Usitarajie serikali ikufanyie kazi hiyo. Ipo sheria ya tarehe 2 Januari 1974 inayowataka wachapishaji waweke nakala za machapisho yao kwa taifa. TFC iliyopigwa chapa na kubanwa kwa plastiki haihesabiwi kuwa chapisho, na hata ingehesabiwa, Kinshasa ni takriban kilomita 1,500 kutoka hapa, nazo ni za ndege, maana barabara ya kukufikisha huko moja kwa moja hakuna.

Basi utaanza na daftari. Jina la mwandishi, kichwa, mwaka, idara, profesa aliyeongoza. Hapo utafikia swali la namba, nalo linahitaji subira kidogo.

Maktaba zetu kwa kawaida hufuata mojawapo ya mipango miwili. Wa kwanza ni wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotoka mwaka 1876. Wa pili, CDU, ulitengenezwa na Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walioanzisha taasisi yao Brussels mwaka 1895 kwa nia ya kuorodhesha kila kilichowahi kuandikwa duniani. La Fontaine alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913. Unapofikiri kwamba katika mji huo huo, katika miaka hiyo hiyo, ofisi za mfalme Leopold II zilikuwa zikihesabu mpira na pembe za ndovu za Kongo, unaelewa kwa nini orodha ya kila kitu ilitengenezwa bila kutuuliza. Katika Dewey, Ukristo umekalia karibu mia yote ya 200, kutoka Biblia hadi historia ya madhehebu. Uislamu una 297. Dini zote za jadi za Afrika nyeusi zimebanwa kwenye 299.6. Mwanafunzi akileta kazi juu ya ibada ya Lyangombe huko Bushi, nchi ya Washi, utaiweka hapo, iketi na dini za bara zima kwenye kijichumba kimoja. Fasihi ya Kiswahili, kwa wanaotaka kujua, ni 896.392.

Mkongomani mwenzetu Valentin-Yves Mudimbe, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya namna Afrika ilivyobuniwa katika maandishi ya wengine, aliita akiba hiyo ya maandishi ya wamisionari, watawala na wanaanthropolojia maktaba ya kikoloni. Hakuwa akisema juu ya jengo. Lakini mkutubi wa Bukavu anaishika kwa mikono. Fungua bibliografia ya TFC ya historia ya Washi na usishangae ukikutana na padri Pierre Colle na wenzake kabla ya Mshi yeyote. Si kosa la mwanafunzi. Alisoma alichokikuta kwenye rafu, na TFC ya aliyemtangulia, mwenye mahojiano na wazee wa Kabare, ilikuwa sakafuni chini ya kamba.

Ushauri wangu ni usipigane na namba. Iandike ile iliyo kwenye jedwali, usonge mbele. Nguvu zako ziweke kwenye maneno. Kwa kila karatasi andika kijiji, groupement, chefferie, jina la mto, jina la zao kama watu wanavyolitaja, kwa Kifaransa, Kiswahili na Kimashi pale unapoweza, au Kirega kwa kazi za upande wa Mwenga. Anayekuja kuuliza hatakuuliza 299.6. Atasimama mlangoni na kusema, "Papa, TFC ya sambaza iko?" Na ukiwa mwanamke atakuita Mama hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Ukimjibu ndani ya dakika mbili, kesho ataleta wenzake.

Atakuja lini? Hilo ni jambo ambalo hakuna shule itakayokufundisha. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ukumbi wako utakuwa na wachache, kwa sababu mtihani hutoka kwenye silabusi, na silabusi huuzwa. Mwanafunzi akishainunua, haoni sababu ya kutafuta kitabu kingine, na pesa ya kitabu kingine haipo. Ukimya huo usikuvunje moyo, na usiandike ripoti ya kuwalaumu vijana kwamba hawapendi kusoma. Subiri wanaomaliza waanze kuandika. Hapo viti havitatosha.

Na hapo ndipo majaribu yatakapoanza. Atakuja kijana anayetaka TFC ya miaka kumi iliyopita si kuisoma, bali kubadilisha jalada, jina na mwaka. Kila mkutubi wa mjini ana kisa cha namna hiyo. Wako waliochoka wakafunga kabati na kuweka ufunguo mfukoni, na karatasi sasa hazionwi na mwizi wala mtafiti. Ninaelewa hasira yao, ila siikubali dawa yao. Karatasi iliyofungiwa haina tofauti na iliyoliwa na mchwa, isipokuwa ya mchwa inaacha nafasi. Weka daftari la pili mezani: anayeomba kazi ya mwenzake aandike jina lake, kichwa alichoomba na tarehe, na profesa yeyote anayeongoza wanafunzi ajue kwamba daftari hilo lipo na anaweza kulitazama. Usiruhusu kazi nzima itoke kwenda kwenye fotokopi ya nje, ruhusu kurasa. Mwizi hataisha, lakini atajua ameandikwa.

Kuhusu kutunza, nitapita haraka, maana mazingira yatakufundisha kwa ukali. Mvua yetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na ukungu hupenda karatasi zilizobanwa kwa plastiki. Inua kila kitu kutoka sakafuni, acha nafasi kati ya rafu na ukuta ili hewa ipite, kagua dari kabla ya mvua ya kwanza. Ila nafasi hiyo isikufanye usahau kufunga rafu ukutani kwa vyuma. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lenye nguvu ya karibu 6 lilitikisa mji, na kabati refu lisilofungwa, siku kama ile, humwangukia anayesoma.

Vita ni habari nyingine. Bukavu ilitekwa Oktoba 1996, ikatekwa tena kwa siku kadhaa Juni 2004, na katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Mkutubi hawezi kuzuia lolote kati ya hayo. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba orodha yake haiko mahali pamoja tu. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha kuanza: piga picha kurasa za jalada, muhtasari, majedwali ya namba na bibliografia. Kuna programu huria za kuendesha maktaba, PMB iliyotoka Ufaransa na Koha iliyozaliwa New Zealand, nazo ni nzuri, lakini zinataka kompyuta isiyozimika, na mji huu ulio jirani na mabwawa mawili ya Ruzizi bado hulala gizani. Anza na jedwali la kawaida la kompyuta, jipe utaratibu mmoja wa kutaja mafaili na usiubadilishe, kisha nakala moja ya flashi ikae nyumbani kwa mtu unayemwamini nje ya chuo. Mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya tiba, HINARI, ilianza mwaka 2002, huzifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo. Uliza neno la siri liko kwa nani. Jibu linaweza kuwa jina la mtu aliyekwisha kuhama nchi.

Ukitaka kusoma zaidi, Dakar kuna EBAD, shule iliyotokana na kituo kilichofunguliwa mwaka 1963, nayo inafundisha kwa Kifaransa. Mwaka huo huo Makerere ilianza shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, bodi ile ambayo maktaba yake kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kijana wa Bukavu ana faida ambayo hujisahaulisha: Kifaransa chake kinamfikisha Dakar, Kiswahili chake kinamfikisha Bagamoyo, ingawa darasani Makerere na Bagamoyo atahitaji Kiingereza pia. Usisubiri safari hiyo ili uanze. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipopeleka kwa mara ya kwanza sanduku lake la Ideas Box, lililochorwa na Philippe Starck, lilipeleka Burundi, kwenye kambi za wakimbizi wa Kongo. Maktaba ile imetengenezwa ikunjuliwe ndani ya muda mfupi, bila kungoja jengo lake yenyewe.

Safari moja lakini ifanye mapema, ya Lwiro, kilomita kama 45 kaskazini kwa njia ya Kavumu. Taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC ilijengwa hapo na msanifu Charles Van Nueten, kwa matofali na mabaraza marefu, katikati ya vilima. Ikawa IRS, sasa ni CRSN. Ina maktaba ya sayansi asilia ambayo huwezi kuiona nyingine ya namna hiyo katika Kivu, na imebaki kwa sababu katika kila kizazi wapo walioendelea kufungua mlango. Zungumza na waliopo. Waulize wanavyopambana na unyevu, walivyopanga majarida, nani huja.

Halafu rudi mjini na uchapishe orodha yako, hata kama ina vichwa mia mbili tu. Vyuo vya Bukavu viko karibu karibu: ISP, ISDR, ISTM, UCB, UOB, UEA. Mwanafunzi wa kimoja anaweza kuandika juu ya kijiji kilichoandikwa na wa kingine, na wasijuane kamwe. Peleka nakala ya orodha yako kwa mkutubi wa kila chuo, mkononi, na umwombe yake. Wengine watasema lazima barua ipitie kwa katibu mkuu wa taaluma. Iandike, lakini acha na nakala mezani pake. Anza na ISP, ambako kituo cha CERUKI kimekuwa kikichapisha tafiti za mkoa katika Cahiers zake, na ufike kabla ya saa sita, maana baadaye ofisi nyingi hubaki na mlinzi.